Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka juu ya Blade Runner: Kipya Kisiuzwe kwa Kuficha cha Asili

Kwa: Wamiliki wa haki za Blade Runner, watengenezaji wa michezo ya video inayobeba jina hilo, na wenye maduka ya mtandaoni yanayoiuza

YAH: KUHIFADHIWA KWA MCHEZO WA MWAKA 1997 NA KUSIKILIZWA KWA WATAZAMAJI NA WACHEZAJI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha nimezitumia na hazikunifikisha popote. Nimejaza fomu za malalamiko, nimeandika kwa anuani za huduma kwa wateja, na pale nilipojibiwa nilipokea maneno yaliyotungwa na mashine, yenye kushukuru kwa maoni yangu na kuahidi kuyafikisha kwa wahusika, na baada ya hapo ikawa kimya. Ofisi husika sitazitaja, kwa kuwa hoja yangu ni pana kuliko ofisi moja. Hoja yenyewe ni hii: mchezo wa Blade Runner wa mwaka 1997 ni kazi iliyokamilika na inayopendwa, na hakuna mahali popote ambapo mmeahidi kwa maandishi kwamba utaendelea kupatikana jinsi ulivyotengenezwa. Mwaka 2022, toleo la asili lilipoondolewa dukani ili toleo lililoboreshwa liuzwe, tuliona linaloweza kutokea pasipo ahadi hiyo. Kosa lile lilirekebishwa, nami nakiri hivyo kwa shukrani, lakini lilirekebishwa kwa sababu watu walipiga kelele, na haki inayotegemea kelele hudumu kwa muda ule tu ambao wenye kupiga kelele bado wana nguvu.

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi hii, nieleze kwa ufupi. Filamu ya Blade Runner, iliyoongozwa na Ridley Scott na kutokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 25 Juni 1982. Ni hadithi ya upelelezi iliyowekwa katika Los Angeles ya Novemba 2019, ambamo Rick Deckard anawasaka replikanti, yaani viumbe vilivyoundwa kwa sura ya binadamu, waliotoroka na kurudi duniani kinyume cha sheria. Miaka 15 baadaye, kampuni ya Westwood Studios ilitoa mchezo wa kompyuta uliojaa diski nne za CD. Badala ya kuirudia filamu, mchezo huo ulisimulia kesi nyingine inayoendelea sambamba nayo, ukiwa na mpelelezi mchanga aitwaye Ray McCoy, ambaye kazi yake inaanzia kwenye duka la Runciter, mahali wanyama wameuawa, na wanyama halisi ni kitu adimu katika ulimwengu ule. Waigizaji kadhaa wa filamu, wakiwamo Sean Young, James Hong, Brion James, William Sanderson na Joe Turkel, walirudi kutoa sauti zao.

Ningependa mwelewe kwa nini wachezaji wanaushikilia mchezo huu kiasi hiki, maana bila kuelewa hilo malalamiko yetu yataonekana kama mapenzi ya kizamani tu. Kila unapoanza mchezo upya, programu inaamua upya ni nani kati ya wahusika kadhaa aliye binadamu na ni nani aliye replikanti. Lucy, binti anayefanya kazi katika duka lile la wanyama, anaweza kuwa mmoja kwa mchezaji huyu na mwingine kwa mchezaji yule. Kipimo cha Voight-Kampff, cha kumtofautisha binadamu na replikanti, ambacho katika filamu tunakitazama kikifanywa na mtu mwingine, hapa tunakifanya wenyewe, na matokeo yake hayawezi kunakiliwa kutoka kwa rafiki aliyemaliza mchezo kabla yetu. Hata McCoy mwenyewe anafika mahali pa kushuku asili yake. Kwa hiyo wachezaji wawili wanapokutana na kusimuliana, kila mmoja anashuhudia kesi tofauti, na wote wawili wanasema kweli. Ni vigumu kutaja mchezo mwingine wa wakati ule uliolifanya swali la filamu yake kuwa jambo la kutendwa na mchezaji badala ya kupambia tu jina maarufu. Hicho ndicho mnachokimiliki, na ndicho ninachoomba kilindwe.

Masuala yanayonisukuma kuandika ni haya yafuatayo.

1. Toleo la asili liliondolewa ili toleo jipya liuzwe. Baada ya miaka mingi ya kutopatikana madukani, mchezo wa 1997 ulirudi Desemba 2019 kupitia duka la mtandaoni la GOG, ukiendeshwa na ScummVM, programu huria inayoandikwa na watu wanaojitolea. Watu hao waliuchambua mchezo kipande kwa kipande kwa miaka kadhaa bila kuwa na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yaliyoandikwa na watengenezaji wake, mpaka ukafanya kazi kwenye kompyuta za leo kama ulivyofanya kazi siku ya kwanza. Tarehe 23 Juni 2022 likatoka toleo lililoboreshwa, lililotengenezwa na Nightdive Studios. Siku hiyohiyo toleo la asili likaacha kuuzwa peke yake katika duka hilo. Aliyelitaka sharti anunue jipya ili alipate la zamani ndani ya kifurushi. Wachezaji walilalamika, wahakiki wa magazeti ya michezo wakalalamika, na baada ya muda mfupi toleo la asili likarudishwa kuuzwa lenyewe.

Najua wapo wanaosema kwamba jambo lililorekebishwa haraka halistahili barua. Kwangu mimi, wepesi wa kulirekebisha ndio unaoonyesha kwamba halikuwa na sababu tangu mwanzo. Hapakuwa na kizuizi cha kiufundi, kwa sababu toleo hilo lilikuwa likiuzwa hadi siku iliyotangulia. Hapakuwa na kizuizi cha kisheria, kwa sababu lilirudi bila mkataba mpya uliotangazwa. Kilichokuwapo ni uamuzi wa kibiashara kwamba mnunuzi asipewe nafasi ya kulinganisha, na uamuzi wa namna hiyo unaweza kurudiwa kesho na mtu mwingine aliyekalia kiti kilekile.

2. Mnunuzi hakuelezwa ukweli juu ya kilichofanyiwa mchezo. Mandhari ya mchezo wa 1997 ni video zilizochorwa na kompyuta kabla, kisha zikabanwa ili zienee kwenye diski. Mvua, moshi, taa za neoni na giza linalomeza nusu ya chumba vyote vimo ndani ya video hizo. Kwa kuwa faili za awali za wachoraji hazikupatikana, waliotengeneza toleo jipya walilazimika kuanza na video zilizobanwa, wakazikuza na kuongeza fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, ili mwendo ufikie fremu 60 kwa sekunde. Yeyote anayefahamu kazi hii anajua gharama yake. Mashine inayokuza picha haina kumbukumbu ya kilichokuwapo, inakisia. Inapokisia, chembechembe zinazoipa picha uhai hulainishwa kana kwamba ni uchafu, kingo hupoteza ukali, na fremu iliyobuniwa katikati ya fremu mbili huacha ukungu mahali palipokuwa na mwendo dhahiri. Ndivyo ilivyotokea. Wachezaji waliweka picha za matoleo mawili kando kwa kando, na kwa wengi wao la zamani ndilo lililoonekana bora. Juu ya hayo kulikuwa na hitilafu nyingine ambazo watengenezaji walikubali kuzishughulikia kwa masasisho.

Siwalaumu mafundi. Walipewa kazi ngumu, na nina hakika miongoni mwao wamo wanaoupenda mchezo huu kunishinda. Lawama yangu inahusu neno "lililoboreshwa" kuwekwa mbele ya mnunuzi bila maelezo ya kutosha kwamba maboresho yamepatikana kwa makadirio ya mashine, huku ushahidi wa kulinganishia ukiwa umeondolewa rafuni siku hiyohiyo. Mojawapo ya mambo hayo mawili peke yake lingevumilika.

3. Utunzaji wa kazi zenyewe umekuwa mbovu, na sidhani kama umebadilika. Westwood Studios ilinunuliwa na kampuni ya michezo ya Electronic Arts mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2003. Msimbo chanzo wa Blade Runner ukapotea. Upotevu huo ndio uliolazimu wenye kujitolea kufanya kazi ya miaka, na ndio uliowalazimisha watengenezaji wa 2022 kukuza video zilizobanwa. Matatizo yote niliyoyataja hapo juu yanaanzia hapo. Wala si mchezo huu peke yake: utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya michezo ya video, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kibiashara. Filamu yenu iliingizwa katika hazina ya kitaifa ya filamu za Marekani mwaka 1993, miaka 11 tu baada ya kutoka. Mchezo wake, ambao nao ni kazi ya waandishi, wachoraji, waigizaji na wanamuziki, unaishi leo kwa hisani ya watu wanaoufanyia kazi usiku baada ya kutoka kwenye ajira zao.

4. Maoni ya watazamaji yanasikilizwa yanapotishia mauzo tu. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu historia ya Blade Runner ina mafunzo ya kutosha juu ya kusikiliza vizuri na kusikiliza vibaya. Machi 1982 filamu ilionyeshwa kwa majaribio huko Denver na Dallas. Watazamaji hawakuifurahia, wengine hawakuielewa, na studio ikachukua kutoridhika kwao kuwa ruhusa ya kuongeza sauti ya Deckard akieleza kila kitu na kubandika mwisho wa furaha. Watu waliulizwa kama wameelewa. Hawakuulizwa kama wangependa kurudi kuitazama tena. Kisha mwaka 1990 na 1991 nakala ya awali, isiyo na mwisho ule, ilipoonyeshwa katika kumbi chache, watu walimiminika. Mapokezi hayo ndiyo yaliyofungua njia ya toleo la mwongozaji la mwaka 1992, ambalo liliondoa masimulizi na mwisho wa kubandikwa, na hatimaye toleo la mwisho la mwaka 2007.

Zingatieni kilichofanyika mwaka huo wa 2007. Kifurushi kamili cha diski tano kiliwapa wanunuzi matoleo matano ya filamu ileile: nakala ya majaribio, toleo la kumbi za Marekani, toleo la kimataifa, toleo la mwongozaji na toleo la mwisho. Hakuna aliyeambiwa kwamba, kwa kuwa Ridley Scott sasa ameridhika, nakala ya 1982 yenye sauti ya Deckard ifutwe. Wapo wanaoipenda mpaka leo, na wana haki ya kuipata. Mlikwisha kuonyesha, basi, kwamba mnajua jinsi ya kuiheshimu kazi yenye matoleo mengi. Ninachouliza ni kwa nini heshima hiyo iliishia kwenye filamu.

5. Mchezo mpya umetangazwa na wachezaji wameachwa gizani. Juni 2023 ilitangazwa Blade Runner 2033: Labyrinth, chini ya Annapurna Interactive, idara ya michezo ya kampuni ya Annapurna. Septemba 2024 ikaripotiwa kwamba wafanyakazi wa idara hiyo ya michezo walijiuzulu kwa pamoja. Tangazo linapotolewa kwa umma, hali ya kazi nayo inapaswa kuelezwa kwa umma, hata kama maelezo yenyewe ni sentensi mbili.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huwa yanatolewa, na ningependa kuyajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Mtasema wanaolalamika ni wachache. Huenda ni kweli. Lakini walioitazama filamu kumbini mwaka 1982 nao walikuwa wachache. Filamu ilifunikwa na nyingine za kiangazi kile na ikahesabiwa kuwa imeshindwa. Ni hao wachache walioitazama tena na tena kwenye kanda za video, wakaibishania, wakaiandikia, mpaka ikawa jina lenye thamani ya kununuliwa na kuuzwa. Hata Blade Runner 2049 ya mwaka 2017, iliyosifiwa na wahakiki na kupata tuzo mbili za Oscar, haikuleta mapato yaliyotarajiwa. Kama hesabu ya tiketi ingekuwa ndiyo hukumu ya mwisho, msingekuwa na kitu cha kumiliki leo.

Mtasema haki zimetawanyika mikononi mwa wengi, na kwamba kila toleo linahitaji makubaliano ya pande kadhaa. Ugumu huo naufahamu. Mwaka 1985 kampuni ya CRL, iliyoshindwa kupata haki za filamu, ilitoa mchezo uliodai kutokana na muziki wa filamu uliotungwa na Vangelis badala ya filamu yenyewe. Lakini ugumu huo unaeleza kwa nini jambo halijafanyika, hauelezi kwa nini jambo ambalo tayari lilikuwa limefanyika lilifutwa. Mchezo wa asili ulikuwa rafuni. Pande zote zilikuwa zimekwisha kukubaliana.

Mtasema pia kwamba aliyenunua zamani bado anacho alichokinunua. Ni kweli kwa aliyewahi. Mtu anayeifahamu filamu leo na kutaka kuucheza mchezo wake kwa mara ya kwanza hana "zamani" ya kurudia. Tena, katika maduka mengi ya mtandaoni mnunuzi hupewa leseni ya kutumia, wala hamiliki kitu. Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawataka wauzaji kulisema hilo waziwazi kabla hawajapokea fedha. Mnunuzi wa leseni anastahili ulinzi mkubwa kuliko yule aliyekuwa na diski nne kabatini, kwa sababu hana cha kushika mkononi.

Na mtasema kwamba wachezaji wapya hawawezi kuvumilia picha za mwaka 1997. Waacheni waamue wenyewe. Toleo lililoboreshwa lina nafasi yake, hasa kwa wanaocheza kwenye mashine zisizoweza kuendesha la zamani, na sijaandika neno hata moja kuomba liondolewe.

Ninachoomba ni mambo manne. Kwanza, mtoe tamko la maandishi kwamba mchezo wa 1997 utaendelea kuuzwa peke yake, kwa bei isiyozidi ya toleo lililoboreshwa, na kwamba hakuna toleo lijalo litakaloliondoa. Pili, ukurasa wa mauzo wa toleo lolote lililoboreshwa ueleze kwa lugha ya kawaida ni nini kimebadilishwa na kwa njia gani, ikiwamo pale mashine ilipokuza au kubuni picha, na uweke picha za matoleo yote mawili mnunuzi ajionee. Tatu, msimbo chanzo na faili za awali za kila mchezo utakaotengenezwa kuanzia sasa, Labyrinth ukiwa wa kwanza, viwekwe katika hifadhi huru kabla mchezo haujaanza kuuzwa. Na kilichosalia cha mchezo wa 1997, kama ni michoro, rekodi za sauti au hati, kitafutwe na kuwekwa hapo pia. Katika hilo la tatu waulizwe watu wa ScummVM, maana hakuna leo anayeujua mchezo ule kwa ndani kuwazidi, na itakuwa aibu ujuzi wao usipotumiwa wakiwa bado wapo. Nne, masasisho ya toleo la 2022 yaendelee hadi hitilafu zilizoripotiwa na wachezaji ziishe, na orodha ya zilizobaki iwekwe wazi.

Kati ya hayo, la kwanza halihitaji fedha wala fundi. Linahitaji aya moja yenye saini ya mtu mwenye mamlaka ya kuisaini. Naomba aya hiyo itolewe kabla mchezo wowote mpya wenye jina la Blade Runner haujapangiwa tarehe ya kutoka, na naomba ijibiwe hadharani kama nilivyoandika hadharani, ili wale wote walioandika faragha na kujibiwa na mashine waisome pamoja nami.

Wenu katika heshima,

Mtazamaji wa filamu na mchezaji wa mchezo wa 1997